Itifaki Imezingatiwa

Mimi ndiye karani. Kazi yangu kuhesabu vichwa.
Siku ile ukumbini, shule ya msingi, Mikindani,
niliandika: Wakazi, themanini na watatu.
Sikuandika nani.

Viti vya mbele vilivaa vitambaa vyeupe,
kila kimoja na chupa yake ya maji.
Mgeni wa heshima akawashukuru wahisani, akawashukuru washauri,
akamshukuru aliyeazima kipaza sauti,
kisha akatutupia jicho sisi wa mabenchi:
"Na wengine wote, itifaki imezingatiwa."

Ikazingatiwa hivyo.

Sheria ikasomwa: mkoko usikatwe,
mkaa wake usiuzwe, na kila kibanda
kitoe shilingi hamsini kwa mwezi,
mifereji izibuliwe kabla bahari haijapanda kitandani.
Hakuna aliyebisha kwamba bahari inapanda.
Ukuta wa Mwakuzimu una alama tatu za maji,
kama za mtoto anayepimwa kimo.

Wanaoafiki wanyooshe mikono.
Nikahesabu: sita.
Wanne kati yao walikuwa na chupa.

Nyuma kabisa alikaa Nyevu wa Charo,
muuza mbaazi na mahamri,
kuchani ana tope la miaka kumi na mmoja
lisilotoka kwa sabuni wala ndimu.
Kila bamvua, maji yakikupwa, hushuka horini na ndoo ya miche.
Hakuagizwa. Hakulipwa. Alipigwa picha mara moja
na picha ikamkata kichwa.
Mkono wake ulibaki pajani.

Nikamfuata nje: "Mama, hata wewe?"
"Hamsini ninayo," akasema, akigusa fundo la leso.
"Lakini mtu haingii kwangu bila hodi
kisha akanifundisha kufagia."

Mvua za vuli zikaja, zikaongeza alama ya nne kwa Mwakuzimu.
Ofisi ikaleta afisa mwingine, Mahfudhi, kijana,
viatu mkononi, suruali kaikunja hadi magotini.
Akakalia debe pale kibandani,
akala mbaazi, akalipa, ndipo akauliza:
"Maji huanzia wapi?"
Nyevu akachora kwa kidole juu ya unga wa kusukumia:
"Hapa, kwa fundi baiskeli. Hapa hugeuka.
Hapa hunibishia mlango."

Mkutano wa pili, ramani ilining'inia ubaoni,
na kando ya mstari wa buluu, kwa herufi za mkono:
MFEREJI WA NYEVU.
Kijana akasoma majina, wala hakuanza na wakubwa.
Mwakuzimu, mwenye ukuta.
Bi Zuhura, aliyewalaza watoto wa jirani juu ya kabati
usiku ule wa gharika, akasimama mwenyewe hadi alfajiri.
Nikaona migongo ikinyooka mabenchini
kama tawi lililotuliwa mzigo.

Mikono: sabini na mmoja.
Sheria ni ileile. Hamsini ni ileile.
Hata mkato mmoja haukuhamishwa.

Nisiwadanganye, walikuwepo walioguna.
Athumani wa tuktuk aliinuka: "Na mimi je?
Nani alibeba wagonjwa maji yakigusa usukani?"
Kijana akapekua karatasi, hakumwona.
Akaomba radhi. Athumani akaketi, mkono haukupanda.
Simlaumu. Orodha ile niliichapa mimi.

Nyevu akaja mezani na hamsini yake ya kwanza,
noti iliyokunjwa mara nane, ina harufu ya nazi.
Nikamwandikia risiti. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.
"Hili si jina langu."
Nilikuwa nimeandika Nyeu.
"Mimi nilizaliwa mvua ikinyesha. Nirudishie v yangu."

Nikachana, nikaandika upya.
Nyuma yake foleni ilifika hadi mlangoni,
na kila aliyenikaribia, kabla hajatoa pesa,
alinitamkia jina lake polepole,
kama mtu anayempa mgeni mtoto amshikie.